Gari Likimisi, Usilaumu Sufuria

(Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi kwenye kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, Uyole, Mbeya. Wanachama ambao hawakufika waliomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza vicheko tu.)

Mheshimiwa mwenyekiti, mweka hazina wetu, wazee wangu shikamooni. Akina mama, mugonile. Mliotoka upande wa Njombe na Iringa, kamwene. Na nyie vijana mliokaa karibu na mlango, nawajua. Mmekaa hapo ili mtoroke nikianza fizikia. Leo fizikia itakuwepo, lakini ni fizikia ya pesa zenu wenyewe, kwa hiyo vumilieni.

Mwenyekiti kanipa nafasi hii kwa sababu moja. Vikao vitatu mfululizo, mikopo ya dharura inayoombwa hapa ni ya gari. Na ukisoma fomu, ugonjwa ni ule ule: gari linamisi, yaani injini inakosa kuwaka sawasawa. Mama mmoja kaandika "gari linakohoa, halina nguvu ya kupanda na viazi." Nimeipenda hiyo. Daktari angefurahi kupata mgonjwa anayejieleza hivyo.

Mimi si fundi. Nimefundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na ninaendesha Corolla ya mwaka 1996 yenye injini ya 5A, ile yenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa zamu, na waya nne za kuupeleka kwenye plagi, zile zinazorusha cheche ndani ya injini. Ninachokijua nimekijua kwa kuumia, na acha niwaeleze nilivyoumia.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za Tukuyu mnazijua. Napandisha Isyonje kurudi huku, gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nikikanyaga mafuta haliitiki, linalia tu bup, bup, bup. Malori ya ndizi yakanipita. Nilifika nyumbani kwa gia ya pili, wiper zinakwenda, mke wangu pembeni hasemi kitu, na mnajua mke asiposema kitu ni nini.

Kesho yake nikalipeleka gereji. Gereji ipi, hainihusu kuitaja. Fundi alisikiliza kama dakika moja, akasema: koili, ile inayokuza umeme wa betri uwe wa cheche. Nikanunua koili. Gari halikubadilika. Akasema: pampu ya mafuta. Nikanunua pampu. Halikubadilika. Nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, zikashushwa, zikaoshwa, zikarudishwa. Halikubadilika. Wiki ya pili akaanza kuzungumza habari za kushusha injini. Hapo nilikuwa nimeshatoa zaidi ya laki tatu na nusu, na gari linatetemeka vile vile.

Nikalichukua nikalirudisha nyumbani. Jioni nimekaa barazani na kikombe cha chai, ndipo likanijia swali ambalo ningemuuliza hata mtoto wa kidato cha pili. Nyumba ina watoto wanne. Wote wamekula kwenye sufuria moja. Usiku mmoja anaumwa tumbo, watatu wanacheza. Utamwaga sufuria? Huwezi. Utamwita yule mmoja umuulize: wewe, kuna kitu gani umekula peke yako?

Pampu ya mafuta ni sufuria. Inalisha silinda zote nne, vile vyumba vinne ambamo petroli inawaka. Kwenye gari la distributa kama langu, koili nayo ni sufuria, moja kwa wote. Filta ya mafuta, chujio la hewa, petroli yenyewe uliyoweka sheli, vyote ni sufuria. Kama silinda moja ndiyo imelala na tatu zinafanya kazi, sufuria haina kosa. Tafuta kitu ambacho silinda ile inacho peke yake: plagi yake, waya yake, nozeli yake, valvu zake za kupitisha hewa na moshi, ringi zake za kuziba pistoni. Na kama zote nne zinayumba kwa pamoja, leo hivi kesho vile, hapo ndipo uikague sufuria.

Nilinunua sufuria mbili mpya kabla ya kumuuliza mtoto.

Sasa utajuaje kama anayeumwa ni mmoja? Kwanza kwa sikio. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inazunguka kama mara 800 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kila moja inawaka mara 400 kwa dakika, yaani zaidi ya mara sita kwa sekunde. Nenda nyuma ya gari, usikilize bomba la moshi. Silinda moja ikilala, pengo linajirudia kwa mpangilio, kama kwaya ambayo mwimba besi mmoja hakuja: kila wimbo ukifika pale pale, kuna shimo. Lakini ukisikia inakosa hovyo, mara mbili hapa, kimya, mara tatu pale, fikiria mafuta, hewa, koili, au kifuniko cha distributa.

Baada ya sikio, maji. Asubuhi gari likiwa limepoa, washa, subiri nusu dakika. Chovya vidole kwenye kikombe cha maji, rushia tone dogo kwenye kila mguu wa manifoldi ya eksozi, lile bomba la moshi lenye miguu minne, pale inapotokea kwenye injini. Tone, si kumwagia. Chuma cha moto hakipendi kumwagiwa. Miguu mitatu itasema chwaa! Mguu wa silinda iliyolala utabaki na tone lako limekaa kama umande. Kama kuna bati la kukinga joto limefunika manifoldi, lifungue kabla hujawasha. Na akina mama, ncha za kitenge zifungwe kiunoni vizuri. Vijana, kamba za jaketi ndani. Feni na mkanda vinazunguka pale chini ya mkono wako, na feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe bila kukuaga.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi. Zima gari. Chomoa soketi ya nozeli ya silinda namba moja, washa, sikiliza. Kama injini imezidi kuyumba, silinda ile ilikuwa inafanya kazi, umeinyima chakula. Zima, rudisha, nenda namba mbili. Ukifika kwenye silinda ambayo ukiichomoa injini haijali, inaendelea na mtetemeko wake ule ule, umempata mtoto wako. Yangu ilikuwa namba tatu.

Najua mafundi wengi wanachomoa waya ya plagi injini ikiwa inaunguruma. Nimeona mtu akirushwa mpaka akagonga kichwa kwenye boneti. Umeme ule ni maelfu mengi ya volti, na cheche ikikosa pa kwenda inaweza kutoboa koili kutokea ndani, kwa hiyo unaweza kuingia na ugonjwa mmoja ukatoka na miwili. Isitoshe, petroli ya silinda isiyowaka inatoka mbichi mpaka kwenye masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaunguza. Kama gari lako ni la kabureta, kile kichanganyio cha zamani cha petroli na hewa, na huna nozeli za kuchomoa, fanya hivi: zima, toa waya ya silinda moja, ichomeke kwenye plagi nzee, ilaze plagi hiyo juu ya chuma cha injini iguse vizuri, halafu ndipo uwashe. Cheche inapata njia, wewe unabaki na nywele zako. Hakikisha tu hakuna petroli inayovuja karibu, maana cheche ile iko hadharani.

Sasa tufike kwenye plagi, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo magari mengi ya humu ndani yanaponea.

Plagi haitolewi injini ikiwa ya moto. Hedi za magari haya, vile vichwa vya injini zinamofungwa plagi, ni aluminiamu, na meno ya aluminiamu yakiwa ya moto yanaondoka na plagi kama ganda la muhindi. Acha ipoe. Kabla ya kuifungua, puliza vumbi lililozunguka plagi. Mimi natumia pampu ya baiskeli ya mjukuu wangu. Barabara zetu za Umalila na Isyesye zina vumbi, na ukifungua bila kupuliza, mchanga ule wote unadondoka ndani ya silinda. Toa plagi moja moja na uzipange kwenye gazeti kwa namba zake. Usizichanganye. Plagi ni kama barua kutoka ndani. Ukichanganya bahasha hujui nani kaandika nini.

Haya, tuisome. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu, kama chai ya maziwa, ni nzuri. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria la kuni: mafuta yamezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Imelowa na inanuka petroli: mafuta yanafika, cheche haifiki. Imelowa na inateleza, oili: kuna oili inaingia ndani, ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe kama chokaa na imeungua: joto limezidi, mara nyingi hewa imezidi mafuta. Halafu igeuze uiangalie kauri ile nyeupe ya juu. Yangu ya namba tatu ilikuwa na mstari mwembamba mweusi, umeshuka kutoka juu mpaka kwenye chuma, kama mtu amechora kwa penseli. Nilipojaribu kuufuta kwa kidole haukufutika. Huo mstari ndio uliokula laki tatu na nusu yangu. Cheche ilikuwa inateremka nje ya plagi kwa njia hiyo, inaingia kwenye chuma cha injini, na ndani ya silinda hakufiki kitu.

Kwa nini cheche ichague njia hiyo? Kwenye injini hizi plagi zimezama ndani ya mirija iliyopita katikati ya kava la valvu. Kila mrija una sili, mpira wa kuzuia oili. Sili zikizeeka zinakakamaa, na oili inapenya taratibu mpaka mrija unajaa. Nilipovuta waya ya namba tatu ilitoka inachuruzika, kama andazi linalotolewa kwenye karai. Mpira wa waya ulikuwa umevimba na kulainika. Mpira uliolewa oili hauzuii umeme tena. Hiyo ndiyo habari yote. Sili nne za mirija, gasketi ya kava, seti ya waya, plagi nne. Kazi ya nusu siku barazani kwangu, na nilitumia pungufu ya theluthi ya nilichokuwa nimeshatoa. Angalizo moja: ukikuta oili imejaa kwenye mrija, inyonye kwanza kwa kitambaa au bomba la sindano kabla ya kulegeza plagi. La sivyo itateremka yote ndani, na siku utakayowasha majirani watadhani unapulizia mbu.

Kurudisha plagi nako kuna adabu yake. Pima upenyo wa ncha kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kitabu cha gari lako ndicho kinachosema. Plagi nyingi za kawaida ni milimita 0.8, nyingine 1.1, na kwa plagi za NGK namba ikiishia na 11 maana yake ni milimita 1.1. Chukua kipande cha mpira wa mafuta urefu wa kiganja, chomeka juu ya plagi, uiingize ukiizungusha kwa vidole. Mpira ukiteleza mkononi, plagi imeingia pembeni, rudi nyuma uanze upya. Spana huwezi kuisikia ikilalamika, mpira utausikia. Ikishakaa yenyewe, plagi mpya yenye washa, ile pete yake ya kuziba, inaongezwa nusu mzunguko mpaka theluthi mbili kwa spana, basi. Fundi anayekaza plagi kwa kuning'inia kwenye spana, mnyang'anye spana.

Mama Neema ameinua mkono. Ndiyo, mama? ... Anauliza kama ni kweli plagi ikichomwa kwenye moto inapona. Mama, masizi yataungua, na gari litakwenda vizuri siku mbili tatu, kwa hiyo fundi hakukudanganya moja kwa moja. Lakini ufa kwenye kauri hauponi kwa moto, na aliyeleta masizi bado yupo. Ni kama kumfua mtoto nguo bila kumtoa kwenye tope. Brashi laini na petroli kidogo inatosha kwa plagi ya kawaida; zile zenye ncha nyembamba kama sindano msizisugue kabisa. Na angalieni plagi bandia. Maandishi yakifutika kwa kidole gumba kilicholowa mate, rudisheni dukani siku hiyo hiyo.

Waya. Kama una mita ya fundi umeme, pima kila waya kutoka ncha hadi ncha. Toyota wanataka isizidi kilo-om 25. Lakini waya inaweza kupita mtihani wa mita mchana na kushindwa usiku kwenye mvua, kwa hiyo mimi nina kipimo kingine. Subiri giza liingie kabisa, zima taa za nje, washa gari, chukua chupa ya kupulizia maji ya kinyozi, nyunyiza ukungu tu juu ya waya na kifuniko cha distributa. Simama mbali, usishike kitu. Kama waya zimechoka utaona vijicheche vya bluu vinarukaruka kama vimulimuli. Mke wangu alikuja na kiti kutazama. Siku ile ndiyo alianza kuzungumza na mimi tena kuhusu gari.

Gari linalomisi asubuhi za Juni na Julai, kwenye baridi na ukungu, halafu jua likitoka linapona, anza na kifuniko cha distributa. Fungua, futa unyevu kwa kitambaa kikavu, tafuta ndani ile michoro ya penseli niliyowaeleza. Angalia rota, kile kinachozunguka ndani yake, kama ncha imelika. Na kinyume chake: gari linalokwenda vizuri likiwa la baridi, likipata moto linaanza kukata kwenye silinda zote, likipoa linarudi, hapo sasa mshuku koili. Unaona? Koili nayo ina siku yake ya kushtakiwa, lakini kwa ushahidi.

Kuna wanaosema, "Mwalimu, langu tambarare halina shida, linateleza, lakini nikitoka Igurusi nikianza kupandisha Inyala na mzigo, linakata." Mlima ni shahidi mzuri sana. Ukikanyaga mafuta kupanda, silinda inajazwa mchanganyiko mwingi na unakandamizwa zaidi, na cheche inahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka upenyo ule ule. Waya au plagi iliyochoka inamudu tambarare, mlimani inasalimu amri na kutafuta njia ya mkato. Kwa hiyo gari linalokata mlimani tu, anza na plagi na waya, halafu filta na pampu ya mafuta, maana sufuria nayo inaweza kuwa ndogo mlo ukiwa mkubwa. Gereji ya tambarare haitauona ugonjwa huo. Mpeleke fundi mlimani.

Mzee wangu wa pikapu ya kabureta, ulinisimamisha jana njiani, nakujibu hapa ili wote wasikie. Pikapu yako ilitengenezewa kabureta Dar es Salaam, usawa wa bahari. Sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi. Msukumo wake ni pungufu kama asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Akina mama wanalijua hili kuliko mimi: maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya Mbeya yanakula kuni. Kabureta haina macho. Inamwaga petroli kama iko pwani, hewa haitoshi kuiunguza, plagi zinajaa masizi, injini inazama. Plagi zote nne zinakuwa nyeusi, si moja. Irekebishwe ukiwa huku huku, injini ikiwa imepata moto. Na ukihamia kazi za Kyela, kule karibu mita 500, irekebishwe tena, kwa sababu mchanganyiko uliofaa hapa kule utakuwa na hewa nyingi mno. Magari ya nozeli yana sensa ya hewa inayofanya hesabu hiyo yenyewe, ikiwa nzima.

Hewa ya wizi. Mipira ya vakyumu, ile inayopitisha mvuto wa hewa wa injini, ikipasuka, au gasketi ya manifoldi ikichoka, injini inavuta hewa ambayo haikuhesabiwa. Dalili yake: inatetemeka kwenye sailensi, ukiipa resi inatulia. Kunja kila mpira kwa vidole ukiutazama. Mpira wa miaka 30 unapasuka kwenye kona, ndani ya mkunjo, pale jicho halifiki.

Mafuta mabovu nitayapita haraka. Tunakumbuka miaka ya uchakachuaji, kabla EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba, alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010. Petroli yenye mafuta ya taa inawaka vibaya kwenye silinda zote. Kwa hiyo silinda moja ikilala, mwacheni kijana wa sheli apumzike.

Sasa, kama plagi ni nzima, waya ni nzima, nozeli umeihamishia silinda nyingine na ugonjwa haukuhama nayo, inabaki pumzi ya injini yenyewe, kompresheni. Kumbuka hiyo hila ya kuhamisha. Ndiyo dawa ya magari yenye koili juu ya kila plagi. Toa koili ya namba tatu, weka kwenye namba moja, ya moja weka tatu. Ugonjwa ukihamia namba moja, koili ina hatia. Usipohama, umeokoa bei ya koili.

Geji ya kompresheni si ghali, na kikundi kinaweza kununua moja tukaazimana. Plagi zote nje, mafuta na cheche vikiwa vimekatwa, kanyaga mafuta mpaka mwisho, zungusha stata. Silinda moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu, au gasketi ya hedi. Na silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ndiyo naishuku kwanza. Sasa sikilizeni hapa vizuri, maana hapa watu wa nyanda za juu tunaibiwa bila hata mwizi kujua. Namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Injini nzima kabisa, kitabu kikisema baa 13, hapa Uyole inaweza kusoma baa 11 au chini kidogo, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi. Fundi akikuonyesha geji akasema injini imekufa, muulize: zote nne zinasomaje? Kama zinalingana, tofauti haizidi baa moja, injini yako haijafa. Iko Mbeya tu.

Kijana pale mlangoni anauliza habari za kompyuta ya kupima. Swali zuri, hukutoroka. Magari mengi ya humu ni ya kabla ya soketi zile za kisasa, kompyuta ya fundi haina pa kuchomeka. Lakini Toyota za miaka ya 90 zina kiboksi cheusi chini ya boneti, ndani ya kifuniko chake kimeandikwa herufi. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi itakonyeza. Ikikonyeza sawasawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu. Kila fungu ni tarakimu. Itakuambia sensa gani inalalamika. Silinda ipi imelala haitakuambia, hilo utalipata kwa tone la maji. Na soma herufi mara mbili kabla ya kuchomeka waya. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu, halafu utasema mwalimu alisema.

Sijawaambia mtengeneze kila kitu wenyewe. Taimingi, valvu, hedi, mpelekee fundi, mlipe vizuri. Ila ukifika gereji ukasema "silinda namba tatu haiwaki, cheche ipo, plagi nimeihamisha, naomba upime kompresheni," mazungumzo ya bei yanaanzia mahali pengine kabisa. Mimi nimeona fundi akivua kofia.

Mweka hazina ananionyesha saa, na wingu la kule Rungwe silipendi. Tutoke nje. Mama Neema, Corolla yako imelala na baridi tangu usiku, hiyo ndiyo tunaanza nayo. Fungua boneti. Kijana, kachote maji kikombe kimoja, kimoja tu, na mniletee lile gazeti la mwenyekiti akishamaliza kulisoma.